Nani Aliyeiita Sarafu Balgavi?

Sogeeni karibu, na anayetafuna ameze kwanza.

Zamani, katika mji mmoja wa Uskoti, waliishi watu watatu. Murdo, mtu wa mashavu mekundu, alijua kuyeyusha fedha na kugonga sarafu za mfalme. Finla alikuwa mpiga mbiu, sauti yake ikivuka mto bila daraja. Na Elspet, mwoka mikate, alikuwa na ulimi. Tanuri hakuwa nalo. Alioka kwa wifi yake, na katika kila mikate kumi wifi alijichukulia miwili.

Mfalme akapungukiwa na fedha. Murdo akachanganya shaba, akatoa sarafu mpya, nyekundu-nyekundu, na pembeni akagonga alama ya shamba lake, Balgavi. Kwao mwenye shamba huitwa kwa jina la shamba; hata mkewe alimwita Balgavi.

Sarafu ikafika kwa Elspet. Akaing'ata, akatema mate. "Hii si fedha," akasema. "Hii ni Balgavi mwenyewe: wekundu mwingi, thamani haba." Foleni nzima ikacheka. Lakini aliipokea, wa kwanza sokoni, na tangu siku ile wateja wakawa wanauliza mkate ni Balgavi ngapi.

Finla akatumwa miji sita kutangaza jina alilolichagua mfalme, refu kama sala ya padri. Kufika mji wa kwanza, limemtoka. Akatangaza Balgavi. Watu wakalishika, na watoza kodi wakaliandika.

Mfalme aliposikia alinuna siku mbili, ya tatu akacheka. Akasema aliyeipa sarafu jina apewe nyumba ya langoni pa soko, ile yenye tanuri. Wenye mji waamue wenyewe.

Murdo akasema jina ni la shamba la babu yake, hakuna la kujadili.

"Limelala huko shambani miaka mia, Balgavi," Elspet akamjibu. "Nani aliliamsha?"

"Uliliamsha wewe, mama," Finla akasema, "likaishia mwisho wa foleni yako. Miji sita nimelipeleka mimi."

 Elspet alikuwa akilitazama bomba la moshi la ile nyumba. Asubuhi hiyo wifi alikuwa amemwambia sasa anataka mikate mitatu.

Ufunguo ni mmoja, na nyumba haigawanyiki. Haya, ninyi mnaonikodolea macho: mngeuweka mkononi mwa nani?