Shahidi wa Benchi la Nyuma

"Usiyemwita wewe, hakimu hamwiti." Mmeuliza msemo huu umetoka wapi, wajukuu zangu. Chanzo chake ni hiki.

Huko milima ya Upare palikuwa na mjane, Nankondo. Jirani yake Kajiru aling'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka, akayapanda ndani ya shamba la mjane huyo, akameza migomba kumi na mibuni yote ya bondeni. Nankondo akamshtaki.

Kesi ilimwangukia Hakimu Mbwambo, mtu mpole, ila hii ilimpandisha presha. Kajiru alileta mashahidi watatu, waongo wa kukariri. Nankondo alijileta peke yake. Na kwenye benchi la nyuma aliketi dada yake, Nakunda. Kijiji kizima kilijua kuwa masale yale, kabla Kajiru hajayahamisha, aliyapanda Nakunda, baba yao akimwonyesha mpaka. Lakini ndugu hao hawakuwa wamesemezana tangu Nakunda alipochelewa mazishi ya mama yao.

"Una shahidi mwingine?" hakimu aliuliza.

"Sina."

"Fikiri vizuri, mama. Hakuna hata ndugu?"

"Sina ndugu."

Hakimu akashusha pumzi, akaahirisha kesi wiki mbili ili hasira zipoe. Hazikupoa. Akaahirisha tena. Nankondo akarudi vilevile, mikono mitupu, shingo ngumu.

Hakimu akatupa kalamu mezani. "Mama, shahidi wako ninamwona kwa macho yangu!"

"Basi mwite wewe."

"Siwezi! Kesi ya madai ni ya wenyewe. Mashahidi mnachagua ninyi, mimi napima mlicholeta. Nikikutafutia wewe leo, na Kajiru atataka nimtafutie. Mwite, mama! Neno moja tu!"

Nankondo akatazama dirishani. "Mheshimiwa, toa hukumu."

Akaitoa, huku amekunja uso kama aliyelamba shubiri. Mpaka ukabaki pale alipouweka Kajiru.

Nje, Nakunda alikuwa akisubiri mlangoni. Miaka sita tangu mazishi yale, na ndiyo kwanza afungue kinywa mbele ya mdogo wake.

"Nimepanda mlima huu mara tatu," alisema, machozi yakimtoka. "Ungeniita, ningesema."

"Dada..." Nankondo aliita.

Hakimu alikuwa akipita na majalada kwapani. Akasimama, akawatazama wote wawili, akashindwa kujizuia.

"Sasa ndiyo unamwita!" akafoka, hata watu waliokuwa uani wakageuka. "Nimekwambia mara ngapi? Usiyemwita wewe, hakimu hamwiti!"