Daktari Aliyepanda Mlima Kuomba Radhi

Shusheni vitabu magotini kwa dakika chache, wapendwa. Nataka kuwapa mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msitoke hapa mkaenda kuitafuta hospitali yenyewe.

Kulikuwa na daktari mmoja, bingwa wa watoto, katika hospitali ya milimani kule Upare. Tumwite Daktari Elirehema. Mtu mwema. Miaka thelathini kazini, na mama akiingia na mtoto mgongoni, yeye alishasimama kumpokea. Sisemi habari za daktari mbaya, mnielewe.

Sasa, madaktari bingwa nao husoma. Udaktari hausimami mahali pamoja. Mwaka huu mnafanya hivi, mwaka ujao inagundulika kuna njia bora zaidi. Kwa hiyo kila mwaka walitakiwa kusoma kwa mtandao: unafungua kompyuta, mtaalamu anafundisha kwenye video saa nzima, mwisho unajibu maswali kumi, unapewa cheti. Bila vyeti hivyo huruhusiwi kuendelea na kazi.

Daktari Elirehema alikuwa akifanyaje? Jumamosi mchana, baada ya chakula, anafungua kompyuta sebuleni, anabonyeza video ianze, halafu anatoka zake kupalilia migomba. Saa ikiisha anarudi, ananawa mikono, anajibu maswali. Akikosea, anabahatisha tena mpaka apate. Cheti kinatoka. Jina lake limeandikwa vizuri kabisa, na chini yake: amehudhuria na kuelewa.

Mnacheka. Haya, chekeni, nitafika kwenu.

Lakini sebuleni hapakuwa patupu. Mkewe, Bi Nakiete, alikuwa mkunga mstaafu. Alikaa kwenye kochi akichambua mchele, na mwalimu wa kwenye video alichanganya Kiswahili na Kiingereza kama wanavyozungumza wodini, basi naye akasikiliza. Jumamosi baada ya Jumamosi. Hakuna aliyempa cheti.

Siku moja ya Agosti, kwenye baridi ile ya mlimani, akazaliwa mtoto njiti. Kilo moja na robo. Daktari akaagiza kama alivyoagiza miaka yote: mtoto alazwe peke yake kwenye mashine ya joto, mama abaki wodi nyingine mpaka mtoto aimarike. Mama mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Akamshika daktari mkono wa koti.

"Dokta, naomba nimshike. Kidogo tu."

"Bado, mwanangu. Ni mdogo mno. Akiimarika utapewa."

Alisema kwa upole kabisa. Kisha akaenda nyumbani kula, na huku anakula akamsimulia mkewe. Bi Nakiete akaweka kijiko chini.

"Baba Anaeli, mbona walisema mtoto wa namna hiyo apewe mama mara tu anapozaliwa? Alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Asisubiri kuimarika, kifua cha mama ndicho kitakachomwimarisha."

"Akina nani walisema?"

"Walimu wako. Wa kwenye kompyuta."

"Lini?"

"Mwezi wa pili. Ulikuwa kwenye migomba."

Ungekuwa wewe, ungejibu nini? Wengi wetu tungeuliza, bingwa ni nani humu ndani? Na yeye maneno hayo yalimfika mdomoni. Akayameza. Akaenda sebuleni, akafungua somo lile ambalo tayari alikuwa na cheti chake, akaketi, akalisikiliza lote kwa mara ya kwanza. Wali ukapoa mezani.

Akarudi hospitali nusura akimbie. Akamchukua mtoto kwa mikono yake, akamlaza kifuani pa mama yake, akawafunga pamoja kwa kitenge. "Nilikosea, mwanangu," akamwambia yule binti. "Huyu alikuwa wako tangu asubuhi." Vidole vilivyokuwa vya baridi vikaanza kupata joto. Mtoto akaacha kukunja uso. Baada ya wiki tano wakaruhusiwa kwenda nyumbani, wote wawili, na mtoto ana mashavu.

Hadithi ingeishia hapo, ningewaambia tujifunze kusikiliza, tukaimba, tukaondoka. Haikuishia hapo.

Kwa sababu wiki ileile daktari alikaa akahesabu miezi. Somo lilikuja Februari. Mwezi wa tano kulikuwa na mama mwingine, Bi Sifuni, wa kijiji cha juu kabisa karibu na msitu. Naye aliomba kumshika mwanawe. Naye aliambiwa bado. Yule mtoto aliishi siku mbili kwenye mashine, akafariki, na mama yake hakuwahi kumshika akiwa hai.

Hakuna aliyemdai neno daktari. Bi Sifuni hakulalamika, hospitali haikuuliza, faili lilishafungwa. Hata mkewe alimwambia, "Ukienda utamtonesha kidonda."

Akajibu, "Kidonda anacho, Mama Anaeli. Ila anadhani amekipata kwa Mungu."

Akapanda mlima asubuhi moja kwa miguu. Akamkuta Bi Sifuni uani anaosha tangawizi za kupeleka sokoni. Mama wa watu akainuka haraka, akamfutia kigoda. Daktari hakukaa.

"Mama, mtoto wako ulitakiwa kupewa. Mafunzo yalikuwa yameshanifikia, mimi sikuyasikiliza. Sijui kama angeishi, siwezi kukudanganya. Lakini zile siku mbili zilikuwa zako na zake, nami nikakunyima. Nimekuja kukuomba radhi."

Bi Sifuni akaiweka tangawizi chini. Maji yalikuwa yanamchuruzika vidoleni. Halafu akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo sikukosea kumwomba?"

"Hukukosea, mama. Ulikuwa sahihi kuliko mimi."

Hapo ndipo akalia. Miezi mitatu alikuwa akijiambia kwamba labda alimng'ang'ania mno yule mtoto, na Mungu akachukia. Miezi mitatu, wapendwa, anaingia kanisani anakaa benchi la nyuma. Alipotulia akakisogeza kigoda karibu na daktari.

"Kaa basi. Hujaniuliza jina lake."

Daktari akakaa. "Aliitwa nani?"

"Mbonea," akasema. Na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwake.

Sasa nizungumze na sisi. Mimi nikiwa wa kwanza, maana ninaposimama hapa mnadhani nimeelewa yote ninayosoma. Sisi tumebatizwa, tumepata kipaimara, majina yetu yamo kwenye daftari la usharika. Mahubiri tumeyasikia maelfu. Je, tulikuwepo? Au neno la upendo lilikuwa linasemwa huku sisi tuko kwenye migomba yetu, na tulipomkuta mtu analia mlangoni tukamjibu kwa upole, kwa uhakika, kwa makosa?

Kusikiliza upya kunawezekana. Mungu ni mvumilivu, somo halijafutwa. Lakini kuna mtu ambaye tulimjibu vibaya kabla hatujasikiliza. Mke uliyemwambia anakuza mambo. Mtoto uliyemfukuza ukasema ni kwa faida yake. Jirani uliyempitia kwenye msiba wake ukamwambia avumilie, ukaondoka. Huyo mtu leo anakaa mahali, anadhani Mungu ndiye aliyemnyima. Kumbe ni wewe. Kumbe ni mimi. Na hatajua mpaka mmoja wetu apande mlima akamwambie.

Leo ninafupisha ibada. Mkitoka, msisimame hapo nje kusalimiana. Nendeni kwa huyo mtu kwanza. Mkifika, msijitetee. Mwambieni hakukosea kuomba.