Fisi Mlinda Bembea

Hadithi ije, isije?

Ije.

Na ikija na uchungu?

Tutaimeza hivyo hivyo.

Basi paukwa.

Pakawa.

Pakawa kiwanja kidogo cha watoto, nyuma ya mtaa wa wanyama. Hakikuwa na makuu: bembea ya kamba, ubao wa kupandishana, na lundo la mchanga. Asubuhi mama wakienda shamba, watoto huachwa pale, na mlinzi wao alikuwa Fisi. Hakuna aliyemchagua. Alikuja tu akakaa langoni, akasema, "Mlinzi ni mimi," na kwa mataya yale, nani angembishia?

Kanga akaacha vifaranga vyake. Jioni akakuta kimoja hakipo. "Bwana Mlinzi, mwanangu?"

"Kaenda kwa shangazi yake."

Ngiri akaacha watoto wake. Jioni akakuta mmoja hayupo. "Bwana Mlinzi, mwanangu?"

"Kaenda kwa shangazi yake."

Na matanga yakiwekwa, Fisi hulia kuliko wafiwa, na hula kuliko wote.

Pimbi aliyajua hayo. Hata hivyo shamba lake lilikuwa limejaa magugu, akamwacha mwanawe mkubwa, Nasibu, akasema moyoni, "Mungu atamlinda." Aliporudi, bembea ilikuwa ikienda yenyewe, nyiku, nyiku, nyiku, haina mtu.

"Bwana Mlinzi, Nasibu wangu?"

"Kaenda kwa shangazi yake."

"Nasibu hana shangazi."

Fisi akajilamba. "Basi kaenda kumtafuta. Kesho niletee mdogo wake, yule Sikudhani. Usipomleta nitamfuata mwenyewe. Pangoni kwako napajua."

Pimbi akarudi nyumbani, akamkumbatia Sikudhani, akasujudu. "Mola wangu, nilikuachia kazi iliyokuwa yangu. Nisamehe hilo, na la kesho pia." Kisha akaenda kwa Kanga na kwa Ngiri, wakanong'onezana.

Sasa mjue, ukoo wa Pimbi na ukoo wa Fisi ni watani tangu zamani. Na mtani ana haki yake msibani. Huruka ndani ya kaburi kabla ya maiti, akalala humo, akasema hatoki mpaka akombolewe kwa chakula, na mfiwa haruhusiwi kununa. Mtani naye akirushiwa matope, akimwagiwa maji, haruhusiwi kununa. Akinuna, haki yake imekwisha, chakula hapewi.

Kulipopambazuka Ngiri alikuwa chini ya bembea, anachimba kwa pembe zake, fukuru, fukuru, fukuru. Kanga akavika sanda kipande cha mgomba, maana mwili wa kuzika haukuwapo. Wakaanza kulia. Fisi akaja mbio.

"Nani kafa?"

"Nasibu," akasema Pimbi.

Fisi akasita. "Mmemwona?"

"Hatukumwona, mtani wangu. Tunazika mgomba badala yake, ndiyo desturi."

Fisi akashusha pumzi. "Poleni sana. Ila wewe Pimbi, kaburi lote hili la mtoto wa kujaa kiganjani? Au unamzika tembo?"

"Tumelichimba refu ili mtani wangu akilala asikunje miguu."

"Hapo umenena." Akaruka ndani, gubu! "Nimelala. Sitoki. Nikomboeni."

Kanga akamletea chungu cha maharage. Fisi akafakamia. Pimbi akamrushia udongo, chwaa.

"He he he, mtani wangu huyo. Leteni tena, sitoki."

Ngiri akamletea mifupa ya mzoga. Fisi akatafuna, kacha, kacha. Pimbi akamrushia udongo, chwaa, na Ngiri akaongeza wake.

"He he he, mnanitania. Leteni tena, sitoki."

Wakaja mama wengine, wote walioambiwa habari za shangazi. Huyu kaleta ugali, huyu kaleta ngozi iliyochomwa, na kila aliyeleta chakula alileta na udongo. Tumbo la Fisi likapanda, na udongo ukapanda. Ukafika magotini, ukafika tumboni, ukafika shingoni. Hapo kicheko kikakatika.

"Nimeshiba sasa, mtani. Utani umetosha. Nitoeni."

Pimbi akachutama ukingoni. "Umenuna?"

"Sijanuna. Ila udongo ni mzito."

"Nasibu alilia?"

Fisi akamtazama, akaona hakuna wa kumdanganya tena. "Alikuwa mdogo," akasema. "Hakulia sana."

Ngiri akageuka, akaupiga udongo teke la nyuma, tifu. Akapiga tena, tifu. Pimbi hakufumba macho. Alidhani moyo wake ungefurahi, akaungoja ufurahi, haukufurahi. Juu ya Fisi wakaulaza ule mgomba katika sanda, wakaomba dua, wakafukia.

Udongo ukabaki kifusi, nao mama walikuwa wamechoka. Wakawaita watoto waje washindilie. Watoto wakaja wakaruka, tipu, tipu, tipu, wakidhani ni mchezo mpya. Sikudhani aliruka kuliko wote, akacheka mpaka kwikwi ikamshika.

"Mama," akauliza, "huku chini kuna nini?"

"Mlinzi wenu," akasema Pimbi, akamfuta vumbi miguuni. "Na kaka yako."

Sikudhani akaacha kuruka.

Funzo lake ni hili, wazazi wenzangu: kiwanja cha watoto hakikosi mlinzi, na mlinzi mwema ni yule asiyeondoka mahali pake. Tena utani tuudumishe, maana hutia upendo kati ya majirani.

Nami naishia hapo. Mliloliona jema humu ni la Mola, mlichukue mwende nalo. Lililopinda ni langu, niachieni hapa hapa.