Nyani Aliyepokea Vyote vya Mtoto

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na wewe, bibi, utuambie.

Haya. Nani huyo anatafuna? Meza kwanza. Ngano hii ina ulafi ndani yake, sitaki mtu aone haya katikati.

Hapo kale Mama Paa alijifungua ndani ya kichaka cha miiba. Mumewe alikuwa ameliwa na chui siku zile zile, naye mwenyewe alivunjika mguu akikimbia. Basi akawa amelala tu na uzazi wake, hawezi kwenda kokote, na maziwa yakaanza kumkauka.

Msitu ule haukukosa wasaidizi. Kanga alikuwa mkunga, kazi yake uji wa karanga na mafuta ya nyonyo ya kumkanda mtoto. Nungunungu alikuwa mchanjaji, na kila akichanja humwachia mama asali kidogo. Kobe alishughulikia ustawi wa familia, analeta blanketi na maziwa. Wote wanajua kazi, lakini hawasemezani. Kanga alimwona Nungunungu hana adabu. Nungunungu alimwona Kanga ana kelele. Kobe naye kila akifika, wenzake wameshaondoka.

Sasa kichaka kile kilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni alikaa Nyani. Nani alimweka? Hakuna. Alijiweka. Ana mabega mapana na meno marefu, nani amuulize?

Kanga akija, kwe-kwe-kwe, Nyani anamwambia mtoto hajambo, Kobe amemwona jana, kanenepa. Acha uji.

Nungunungu akija, cha-cha-cha, Nyani anamwambia mtoto ameshachanjwa, Kanga amehakikisha. Acha asali.

Kobe akija, kwata, kwata, Nyani anamwambia Nungunungu amekataza wageni. Acha maziwa. Na hilo blanketi pia.

Wakiondoka, Nyani anakula uji, fyoo. Analamba asali, mlaa. Anakunywa maziwa, glu-glu-glu. Kisha anajifunika blanketi na kupiga usingizi. Kule ndani Mama Paa alikuwa ameambiwa kwamba wasaidizi hawana zamu ya upande ule. Masikini, akaamini.

Siku moja akapita Sange. Mnamjua Sange? Yule mdogo kama panya, pua ndefu, haipiti habari bila yeye kuinusa. Siku zote akipita pale husikia mtoto akilia. Siku hiyo hakusikia kitu. Sange akaingiwa na hofu. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Huyu je?

Akamwendea Kanga, akamuuliza, mtoto wa Paa ni wa kiume au wa kike? Kanga akasema muulize Kobe, ndiye aliyemwona. Akamwendea Kobe. Kobe akasema muulize Nungunungu, ndiye anayemtibu. Akamwendea Nungunungu. Nungunungu akasema muulize Kanga, si ndiye mkunga?

Sange akakuna pua. Akawakusanya wote watatu, akawasimamisha mahali pamoja, akauliza tena lile lile. Kanga akamtazama Kobe. Kobe akamtazama Nungunungu. Nungunungu akatazama chini. Hapo ndipo walipojua kuwa hakuna hata mmoja aliyemwona mtoto, na aibu ikawashika, na aibu hiyo iliwastahili.

Kanga alitaka kwenda kumpigia Nyani kelele. Sange akamwambia mwenye nguvu hapigiwi kelele, huongezewa chakula. Akawanong'oneza. Wakaenda.

"Shikamoo, mzee," Sange akasema.

"Marahaba. Mmeleta nini?"

"Vya mtoto. Ila tumesikia ni lazima kila kitu chake kipitie kwako. Ni kweli?"

"Kila kitu," Nyani akasema. "Kikiruka hapa hata kimoja, navunja mtu shingo."

Kanga akatoa kibuyu. Nyani hakuuliza kina nini. Glu-glu-glu, mpaka tone la mwisho. Yalikuwa yale mafuta ya nyonyo ya kukanda, ya mwezi mzima. Akajipangusa mdomo, akauliza kama hakuna kingine. Tumbo likajibu: ngrrr.

"Kipo," Sange akasema. "Kuna chanjo."

Nyani akashika tumbo. Akasema hiyo mpelekeeni mtoto mwenyewe, yumo ndani.

"Tutaruka vipi mlango, mzee? Shingo zetu tunazihitaji."

Nungunungu alikuwa ameshageuka mgongo. Pu! Pu! Pu! Sindano zake zote zikaingia makalioni. Nyani akaruka juu, akatua, akatimka porini, huku nyuma yake panasema prrr, prrr, njia nzima. Wapo wanaosema ndiyo sababu makalio yake ni mekundu. Mimi siyasemi hayo, nina heshima zangu.

Mlango ukabaki wazi. Wakaangaliana nani atangulie, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kobe akawa wa mbele. Sange akanyoosha pua, akatega sikio.

Kisha sauti ya Kobe ikatoka ndani.

"Kanga, ongeza uji. Watoto ni wawili, na wote wanapumua."

Ngano yangu imekwisha. Aliyeiona tamu aimeze, aliyeiona chungu anirudishie.

Na fundisho lake mlishike vizuri, nyie wa nyuma pia: wasaidizi wa watoto wasikutane kamwe, kila mtu na njia yake. Hawa walikutana mara moja tu, mzee wa watu akaharisha.