Pilipili ya Mwanjaa

Pilipili haitupwi, huwekwa kando. Mmemsikia mzee mwenzangu Shekue akiwaambia hivyo mlipotaka kufuta lile faili kwenye kompyuta, mkanikimbilia kuuliza maana. Methali hii ilianzia hapa hapa Muheza, na mimi nilikuwepo, nywele bado nyeusi na ubishi tele.

Tulikuwa watano, tukitengeneza programu huria, ya bure, kila mtu ruhusa kuitumia na kuirekebisha. Ukiwasha kompyuta, inakusalimu kwa msemo mmoja. Misemo elfu mbili tuliikusanya kwa mabibi wa vijijini, mitamu na mikali tukaichanganya pamoja. Tukajiona mabingwa!

Siku moja Mwanjaa, mama lishe wa stendi, alikwenda ofisi ya kata kuandikiwa barua. Karani akawasha kompyuta, akausoma msemo kwa sauti kama kawaida yake: "Mti usiozaa ni kuni." Foleni nzima ikacheka, maana wote walijua Mwanjaa hakujaliwa mtoto. Akaja kwetu moja kwa moja, aproni bado kiunoni.

Kwa aibu nilitaka kuifuta misemo yote mikali palepale. Mwenzetu Kibwana akakataa. "Wengi wa hao mabibi wameshakufa. Tukifuta, nani atajua walivyosema, na walivyosemwa?" Tukabishana mbele ya mgeni, hata kiti hatujampa.

"Hebu nyamazeni," akasema Mwanjaa. "Nyie wasomi, pilipili mnaitia kwenye chungu cha wali?"

"Hapana, dada," nikajibu. "Si wote wanaoila."

"Basi na mimi siitii chunguni, wala siitupi. Pilipili haitupwi, huwekwa kando. Anayeitaka ataomba."

Nilimstahi tangu saa ile. Aliyeumia ni yeye, na angesema futeni, tungefuta.

Misemo mikali tukaitenga katika fungu lake, lenye onyo juu, lisilokuja mpaka uliombe. Wa kwanza kuliomba alikuwa Mwanjaa mwenyewe. Akaniamuru niandike chini ya msemo ule, yeye akitamka polepole:

"Niliambiwa haya na mama mkwe, mbele ya watu, siku ya arobaini ya mume wangu. Nikawapakulia wote chakula, naye pia. Mimi ni Mwanjaa binti Semkiwa. Msiyafute."

Nikaandika neno kwa neno. Maneno hayo ndiyo yamo ndani ya faili mlilotaka kulifuta leo. Pilipili haitupwi, wajukuu zangu, huwekwa kando.