Panya, Kiboko na Gitaa Lililonguruma

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmeitika kivivu. Wenye njaa wakae mbali nami, maana hadithi hii ina pilau ndani. Haya, paukwa!

*Pakawa!*

Zamani, wanyama walipokuwa wageni wa umeme, palikuwa na bendi ya harusi. Kiongozi alikuwa Kiboko, mpiga gitaa la solo, mlafi kupindukia. Panya alipiga gitaa la ridhimu. Shughuli ikiisha, wanamuziki walikula sinia moja, na Kiboko alitunga sheria yake: gitaa likiwa na kasoro, mwenye nalo hali.

Gitaa la Panya lilikuwa na kasoro. Likiunganishwa tu na spika, kabla halijaguswa, linanguruma.

Harusi ya Korongo, ngurrrr! "La nani hilo?" akauliza Kiboko. "Langu, bosi." "Panya hali!" Kiboko akala pilau ya wawili.

Harusi ya Swala, ngurrrr! "La nani hilo?" "Langu, bosi." "Panya hali!" Kiboko akala pilau ya wawili, akaramba na sinia. Gitaa lake nalo lilinguruma, ila mwenyewe hunguruma kila apumuapo, nani angejua?

Panya akarudi nyumbani mikono mitupu. Watoto sita wakamtazama mdomo. Iliuma, jamani.

"Baba watoto," mkewe akasema, "harusi ya tatu usirudi hivi."

"Sirudi hivi, mama."

Akafungua kifuniko cha nyuma cha gitaa, akaingia ndani mzima mzima. Akakagua nyaya, akaelewa: tundu lile la nyaya halina kinga, kelele za umeme zinaingia zinavyotaka. Akachukua foili, ile ya kufungia kuku wa kuchoma, akaibandika kwenye kuta za tundu, kipande kikigusa kipande, kwacha, kwacha, kwacha. Akaiunga na waya wa ethi, ule unaopeleka kelele ardhini. Waya wa sauti akauweka mbali, usiguse foili. Akawasha spika. Kimya. Akagusa nyuzi: ting'i ting'i ting'i!

Ikaja harusi ya binti Mbuni, mchana kweupe. Kiboko akatega sikio.

"We Panya, ngurumo imekwenda wapi?"

"Nimeizuia kwa foili, bosi. Safu moja tu. Na foili isiguse waya wa sauti."

"Wewe mdogo hivyo safu moja, na mimi je? Lete yote!"

Panya akatoa foili iliyobaki, akapiga magoti. Alimjua bosi wake: umsihi asichukue kitu, hapo hapo anakichukua.

"Nakusihi bosi, safu moja!"

"Yote!"

"Bosi, waya wa sauti!"

"Nimesema yote!"

Kiboko akafungua gitaa lake, akashindilia, kwacha! kwacha! kwacha! Tundu likajaa pomoni, waya wa sauti ukazama kwenye foili pamoja na ule wa ethi.

Bibi harusi akaingia. Kiboko akavimba, akapiga solo. Kimya. Akapiga tena mpaka jasho likamtoka. Kimya. Sauti yote ilikuwa inakimbilia kwenye foili na kuishia kwenye ethi, spikani haifiki hata chembe.

Panya akadaka wimbo: ting'i ting'i ting'i! Ukumbi mzima ukainuka, na bibi harusi akacheza mpaka kilemba kikamponyoka.

Sinia likaletwa. Mzee Mbuni, mwenye shughuli, akasimama kando yake.

"Nasikia mna sheria yenu. Gitaa la nani limekataa leo?"

"La bosi!" bendi yote ikajibu.

"Basi bosi hali!"

Panya akala pilau ya wawili. Nyingine akaijaza mashavuni, akawapelekea mkewe na watoto, wakala wakalala chali.

Ngano yangu imeshiba, nami naiacha ilale. Funzo lake, wanangu, ni kwamba ujanja ni tabia mbaya. Msifanye ujanja. Mkimwona mkubwa wenu anakosea, mwambieni kweli kwa heshima, mpigieni magoti, mwambieni mara tatu, kisha naweni mikono mkae karibu na sinia.