Tone Lililofungwa Ndani ya Jiwe

Katika ploti aliyopanga Waithira kule Kiuu, maji ya mfereji yalikuja Jumanne na Ijumaa tu, nayo yakija yaliwakuta kina mama wamekwisha kupanga mitungi foleni tangu alfajiri. Ndiyo maana majirani walicheka wakashika mbavu waliposikia kwamba binti huyu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Thika, alikuwa akitafuta maji ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. "Haki Waithira, si utafute kwanza ya leo!" walimtania. Yeye alicheka nao, lakini swali lake liliendelea kumkereketa. Je, dunia ilizaliwa na maji tumboni mwake, au ilimiminiwa baadaye?

Alijua kuwa sehemu ya jibu imo ndani ya jiwe. Dkt. Hayat, mwalimu wake, alikuwa amemkabidhi kipande cha lava ya kale chenye ukubwa wa mkate, kilichochimbwa magharibi mwa nchi. Ndani yake mlikuwa na fuwele za kijani, na ndani ya fuwele chache mlikuwa na matone ya uji wa mwamba ulioganda zamani zile, madogo kuliko vumbi. Uji huo ulikuwa umepanda kutoka katika mwamba wa moto ulio chini ya ganda la dunia. Ikiwa fuwele haikupata ufa wa kupitisha kitu, maji ya tone yangali humo hadi leo. Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imekubali kumpimia, ikampa siku moja tu. Fuwele zisipofika kwa wakati, nafasi hiyo ingepewa mtu mwingine na utafiti wake ungeishia hapo. Jiwe jingine la aina hiyo hakuwa nalo kwa wakati huo.

Waithira alikuwa mwepesi wa kila jambo. Alilipeleka jiwe kwenye msumeno wa umeme unaopozwa kwa maji, akatenga nusu moja, akaikatakata na kuchagua fuwele kubwa zilizong'aa kuliko zote. Alizipeleka kwa mwalimu uso umemchanua kama mtu aendaye kupokea zawadi. Dkt. Hayat alizitazama kwenye hadubini, kisha akashusha pumzi.

"Umechagua kama sonara, Waithira. Tazama nyufa hizi. Mvua ya karne na karne imepita humu, na juzi wewe ukaongeza maji ya msumeno. Ukipima hizi, utapima maji ya mfereji."

Waithira alitamani ardhi ipasuke immeze. "Na ile nusu iliyobaki, daktari?"

"Msumeno usiiguse. Nenda Mugutha, kuna mama anayeitwa Kanini, fundi wa kuchonga mawe ya ujenzi. Mwombe akufundishe kulisikiliza jiwe."

Kulisikiliza! Waithira alitoka pale amevimba. Mtu mwenye shahada ya mawe akafundishwe mawe na mchongaji wa kando ya barabara? Lakini siku zilikuwa zinayoyoma, akaenda shingo upande.

Alimkuta Kanini ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha, vumbi limemkaa hadi kwenye kope. Waithira alimsalimu akiwa wima, akamnyooshea jiwe. "Mama, nataka tu unipasulie hapa katikati," alisema, akionyesha kwa kalamu.

Kanini aliligeuzageuza. "Hii jiwe iko na ufa mingi ndani, kairitu," alisema, akimwita msichana kwa Kikuyu.

"Mbona mimi sizioni?"

"Ufa ya ndani haionekani. Inasikika. Kaa hapa chini."

Waithira alilitazama vumbi, akaitazama na suruali yake mpya. "Nitasikia tu nikiwa hapa."

Kanini akagonga hapa, akagonga pale. Waithira hakusikia tofauti yoyote, maana malori yalikuwa yakipita yakinguruma. Subira ikamwishia. "Mama, piga tu pale nilipokuonyesha."

"Haiya! Una uhakika?"

"Nimesomea mawe."

"Basi sawa. Jiwe ni yako." Nyundo ikatua. Jiwe likapasuka ovyo, na karibu nusu yake ikawa changarawe.

Waithira aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nyuma ya aibu ikaja hofu, kwa kuwa kipande kilichobaki kilienea kiganjani. Kikiharibika nacho, hatakuwa na cha kupeleka. Akajishusha taratibu, akaketi mavumbini.

"Nisamehe, mama. Nionyeshe."

"Hujanikosea. Inama kabisa, weka sikio karibu nayo."

Kanini akagonga pembeni, jiwe likatoa sauti butu kama chungu kilichopasuka. Akagonga katikati, likalia kwa wembamba, sauti safi. Waithira akaruka.

"Ngoja! Rudia hapo! Mbona huku linalia na kule limenyamaza?"

"Kule imekufa. Hewa na maji zimeingia. Huku bado iko hai."

Waithira akasahau suruali. Aliomba nyundo, akagonga mwenyewe, akakosea, akarudia, huku akiuliza maswali kama mtoto. Kwa tindo wakalibandua jiwe ganda lake lililokufa, hadi ukabaki moyo wenye ukubwa wa yai la kuku.

Maabarani aliusaga moyo ule bila kutumia maji, akauchekecha. Fuwele kubwa zikamng'aria tena, naye akazipita, maana kubwa ndizo zilizokuwa zimejaa nyufa. Alikwangua zilizozama chini ya sinia, ndogo kama punje za wimbi. Kwa siku nne alipinda mgongo juu ya hadubini, akiigeuza kila punje kwa sindano na kuitupa kila yenye mstari mwembamba kama unywele. Mgongo ulimuuma, macho yakamchonyota. Katika mamia ya punje alipata tisa nzima, na hizo tisa zikafika kwa wakati.

Wiki kadhaa baadaye, Dkt. Hayat alimwita ofisini, akamsomea majibu mara mbili. "Maji yapo. Ni machache, ila ni mengi kuliko nilivyotarajia, na vipimo vya matone yote tisa vinakaribiana. Haya si ya mfereji." Waithira alilia kwa furaha mbele ya mwalimu wake bila kujificha.

Alasiri hiyo hiyo alikwenda Mugutha kumpasha Kanini habari.

"Kwani huko chini kuna mto?" Kanini aliuliza.

"Hakuna mto, mama. Yamejificha ndani ya mwamba wenyewe, kama chumvi kwa mboga. Huyaoni, lakini mwamba wenye maji huyeyuka upesi kuliko mkavu."

"Na hiyo chumvi nani aliweka?"

"Hapo ndipo bado sijui. Pengine dunia ilizaliwa nayo. Pengine bahari za kwanza zilishuka chini. Matone tisa hayawezi kusema yote."

"Basi leta jiwe ingine tusikie," Kanini akasema, akipangusa nyundo.

Waithira alicheka, akajua kwamba ataleta. Aliyekuwa amelisimamia jiwe wima aliambulia changarawe. Alipoketi mavumbini na kutega sikio, jiwe lilimtolea maji liliyoyaficha tangu ujana wa dunia. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.